Tawi Kwenye Mdomo wa Mto

Watu wa Lweba, kijiji cha Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, walimwita Alphonse Jaji wa Maji, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka. Hakuwa na joho wala cheti. Alikuwa mvuvi aliyeketi kwenye mahakama ya kimila, katika benchi la wazee watatu waliohukumu kesi za maji na misitu tu. Kesi za ndoa na mashamba zilikuwa na wazee wengine. Leo wenye suti wanatuhubiria mahakama maalumu za mazingira kana kwamba wamezizaa wao.

Benchi lile lilikaa pale pale palipoharibiwa. Mshitakiwa alileta wavu ungali umelowa, mzee akapitisha kidole kwenye tundu. Kidole kikigoma kupita, wavu ulichomwa, na mwenye wavu ndiye aliyewasha moto.

Vita vya pili vya Kongo vilipofika, wazee wawili walivuka ziwa kwenda Tanzania. Alphonse alibaki. Haukuwa ushujaa, alichoka kufunga mizigo.

Mwaka 1999, samaki walipokuja kutaga kwenye mdomo wa mto, Dorothée, muuza samaki, alimshitaki Rashidi kwa kuvua pale kwa chandarua. Rashidi akaja nacho, kinachuruzika maji.

"Mzee, usisumbue kidole," akasema. "Humu hata mbu haponi."

Watu wakacheka. Hata Alphonse alijaribu kucheka.

"Basi washa moto."

Rashidi akawasha. Kisha Alphonse akachomeka tawi kwenye mchanga: mto umefungwa mpaka mayai yaanguliwe na vifaranga vishuke ziwani.

"Na batoto bangu batakula nini?" Rashidi akauliza.

"Muhogo," Dorothée akamjibu. "Sawa na batoto bangu."

Wote wawili walitii. Walikula muhogo.

Haikupita wiki, wenye bunduki wakaja kwa lori kutoka mji wa Baraka. Wakatupa guruneti mtoni, wakaokota samaki wakubwa, wadogo wakaachwa waelee. Soksi zao wakazianika kwenye tawi.

Dorothée akaenda mbio kwa Alphonse. "Mzee, mi nashitaki."

"Unashitaki nani?"

"Bale. Unabajua."

Benchi halikuwahi kukataa shitaka. Alphonse akabeba kiti chake, akakiweka kando ya mto, akaketi peke yake.

"We mzee, unauza nini?" mmoja wa askari akauliza.

"Mumeshitakiwa. Mulete kile munavulia."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Yule askari akamwekea samaki mapajani. "Kamata, baba. Enda ukule."

Samaki alikuwa na tumbo la mayai. Alphonse alitafuta hasira moyoni, hakuiona. Aliona mikono yake tu, na magamba.

Lori lilipoondoka, Rashidi akasogea. Hakuwa na mzaha tena. "Sasa, Mzee, ile tawi iko inafunga nani?"

Alphonse akamtazama, kisha akamtazama Dorothée. Mashavu yao yalikuwa yamebonyea kwa njaa sawasawa. Akainuka, akaling'oa tawi, akalitupa majini.

"Mto uko wazi."

"Mzee!" Dorothée akasema. "Na mayai? Mwaka kesho tutavua nini?"

Alphonse alichukua kiti chake, akaondoka bila kugeuka. Nyuma yake akina mama walikuwa wanashuka na mabeseni na vyandarua, na Rashidi alikuwa ameingia maji ya kiuno. Dorothée alisimama mchangani, akiwaita mmoja mmoja kwa majina watoke. Hakuna aliyetoka. Mwisho akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakitandaza kama wavu, naye akaingia.