Madamu Rhobi na Projekta

Madamu Rhobi alifundisha jiografia pale shule ya Kabasa, Bunda, miaka mingi bila kuhitaji kitu chenye waya. Ramani ya Afrika aliichora ubaoni kwa chaki, bila kufuta, na kila ziwa likakaa mahali pake. Kompyuta na projekta zilipoletwa shuleni alizifunika kwa vitambaa vya kufuma, akazifungia kabatini. Vitu vya watu, alisema, visije vikaharibika. Ukweli ni kwamba aliviogopa, na mtu mzima akiogopa hakosi kisingizio.

Leo mthibiti ubora wa shule, Bwana Leodgar, alikuwa nyuma ya darasa, amekunja nne, akisubiri kuona kompyuta ikitumika. Mkuu wa shule alishasema wazi: asiyeweza vifaa hivi hatabaki mwalimu wa taaluma. Cheo hicho Rhobi alikipata kwa jasho, na kukiacha hakuwa tayari.

Alibonyeza. Kompyuta ikawaka, lakini projekta ikatoa ukutani mwanga wa bluu mtupu. Akachomoa waya, akachomeka tena. Bluu. Kule nyuma Leodgar akashika kalamu, akaanza kuandika.

"Kuna anayejua hii inafanyaje kazi?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe hakuipenda.

Watoto hawa hawa hujazana kwenye mabanda ya kuonyesha mpira kila wikiendi, na projekta wanaijua vizuri. Lakini darasa la Madamu Rhobi lina sheria: ukijibu ukakosea, unasimama mpaka kengele ilie. Sheria hiyo ilifunga midomo mingi, na sasa ilikuwa inamkaba aliyeitunga. Aliwaona wakiinamisha macho mmoja mmoja, akaumia.

"Leo hasimamishwi mtu," alisema. "Asiyejua ni mimi, na nimeshasimama."

Ikhlas, binti wa dawati la mbele, akanyoosha mkono nusu. "Madamu, hiyo waya umeweka tundu la pembeni. Inaendaga nyuma."

Rhobi akauhamisha. Ramani ikajaa ukuta mzima, mito na milima yote.

"Mlikuwa mnajua tangu mwanzo?"

"Tulijua, Madamu," Ikhlas akajibu polepole. "Ila tunakuogopaga."

Kalamu ya Leodgar ilikuwa bado inaandika, lakini si hiyo tena iliyomuuma Rhobi.