Bonasi ya Nusu Saa

Wagonjwa walimwita Mama Kadi, naye aliitikia kwa raha kama aliyepewa jina hilo na wazazi wake. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye meza ya mapokezi ya zahanati ile ya vyumba vinne, na alijua nani ni wa chumba kipi. Mgonjwa alipokuwa bado anafuta viatu mlangoni, kadi yake ilishafika kwenye trei ya daktari wake. Si daktari yeyote, wake. Asiyetaka kusubiri, shauri yake.

Kisha watu wa bima wakaleta bonasi. Kila mgonjwa aonwe ndani ya nusu saa tangu kadi yake iandikwe saa ya kufika. Mwezi ukiisha bila hata mmoja kupitiliza, wafanyakazi wote wanaongezewa robo ya mshahara. Pesa tamu, tusidanganyane. Mama Kadi naye si malaika: mgongo ulimsumbua, na godoro jipya alishalichagua dukani, akalijaribu kwa kulilalia mpaka muuzaji akakohoa. Basi kadi zikaanza kwenda chumba chochote kilicho wazi. Siku za msongamano, meneja aliwaomba wagonjwa wakakae nje kwenye ukuta. Aliye nje kadi yake haijaandikwa saa, na kwa hesabu za bima mtu huyo bado yuko kwake anakunywa chai.

Siku ya mwisho ya mwezi, rekodi ikiwa safi, akaingia fundi mwashi mmoja, mzee wa miraba minne. Alikuwa ameushika ukuta.

"Kizunguzungu tena, fundi?"

"Tena, mama. Dunia inazunguka, na mimi sijaonja hata tone."

Mama Kadi akaifungua kadi. Miezi miwili, ziara tatu, miandiko mitatu. Wa kwanza alimbadilishia dawa ya presha, wa pili akabadili ile iliyobadilishwa, wa tatu akabadili tena. Hakuna hata mwandiko mmoja wa daktari wa chumba cha pili, aliyemtibu mtu huyu miaka tisa. Na nani aliyempeleka kwa hao watatu? Ni yeye mwenyewe, Mama Kadi, kwa mikono yake miwili.

Chumba cha nne kilikuwa wazi. Cha pili kilikuwa na foleni ya saa nzima na zaidi.

"Cha nne," meneja alinong'ona. "Kama anamtaka daktari wake, akasubiri nje."

"Huyu ataanguka huko nje."

"Mama Kadi, ni leo tu imebaki!"

Alijua. Moyo ulimuuma, na mgongo vilevile. Akaandika: saa nne na dakika tano. Akaitupa kadi kwenye trei ya pili na kumkalisha fundi kwenye benchi. Saa tano kasorobo bonasi ilishakwenda na maji, mfamasia akasonya kwa nguvu, na godoro likabaki dukani.

Zamu ya fundi ilipofika, Mama Kadi alimshika mkono akamwingiza. Daktari, mama wa makamo asiye na papara, hata mashine ya presha hakuigusa kwanza.

"Mkeo yuko wapi leo?"

"Kwa binti yetu, daktari. Amejifungua mapacha!" Fundi alitabasamu mpaka magego yakaonekana. "Huu mwezi wa tatu yuko huko."

"Hongera, babu. Sasa dawa anakusomea nani?"

Fundi akaangalia viatu vyake. Akatoa mfukoni bahasha tatu za dawa.

"Nameza zote. Nilidhani mmeniongezea."

Kwenye bahasha mbili kati ya hizo iliandikwa kwa herufi kubwa, nzuri kabisa: ACHA DAWA ZA ZAMANI.

Daktari alimlaza, akamnywesha maji, akampima kila baada ya muda, na kumwachia bahasha moja tu. Alasiri fundi alitoka akitembea bila kushika kitu. Meneja alikuwa ameshasikia. Alikuna kichwa, akasema kesho wataongea na watu wa bima kuhusu hiyo nusu saa yao, kisha akaenda kumtafutia fundi usafiri.

Mama Kadi alikuwa na furaha isiyotarajiwa kwa mtu aliyekosa pesa. Akaandika tarehe ya kurudi kwenye kikaratasi, akakinyoosha, mkono ukasita hewani. Miaka tisa alimpa mtu huyu vikaratasi. Yeye, anayejigamba kumjua kila mgonjwa! Aliona haya hadi masikio yakamchoma.

"Mbona hukuniambia, fundi?"

"Hukuniuliza, mama."

Akakiweka kikaratasi mezani. "Haya. Alhamisi, saa tatu asubuhi, kwa daktari wako. Hebu sema."

"Alhamisi, saa tatu asubuhi," fundi alisema polepole, "kwa daktari wangu."