Ndani ya Tangi Jeusi

Harufu ya plastiki inayoungua huwafukuza watu wengine. Mimi hunirudisha Kakuma, nikiwa na miaka minane, nimesimama mbele ya tangi jeusi lililonizidi kimo mara mbili.

Tangi lilikuwa la zahanati yetu, na halikuwa na tundu la bomba. Fundi tuliyemngoja kutoka Lodwar alikuwa amekwama, kwa kuwa laga, mto wa msimu, ilikuwa imefurika na kukata barabara. Lori la maji lingefika alasiri hiyo, na hakuna aliyejua lingerudi lini. Ndipo Shangazi Nakiru, dada ya baba, aliyekuwa akifagia pale zahanati, akasema bomba atalifunga yeye.

Drili hakuwa nayo. Alikitia kipande cha bomba la chuma kwenye makaa hadi kikaiva kama pilipili, akakishika kwa koleo, akakisukuma ubavuni mwa tangi. Moshi ulipotawanyika, tundu lilikuwa pale, la mviringo kabisa. Kisha akakata duara za raba kutoka tyubu ya lori, na kwa kukosa tepu ya kuzuia uvujaji akazungushia kiungo cha bomba kipande cha mfuko wa nailoni. Nilimtazama nikasahau kufunga mdomo.

Lakini nati ya kukazia kiungo hukaa ndani ya tangi, na mdomo wa tangi haukumpitisha mtu mzima. Watu wazima wote waliokuwapo wakanigeukia.

Walingoja harufu ipungue, wakanipa nati, wakaniteremsha kwa shuka. Mle ndani mlikuwa na joto, na pumzi yangu ilivuma kama upepo wa kiangazi. Kutoka kwenye tundu uliingia mwali mmoja wa nuru, mnyoofu, vumbi likielea ndani yake. Niliukinga kwa kiganja. Sikuwa nimewahi kushika jua. Mara Shangazi akapenyeza kile kiungo, na nuru ikazimika.

"Shangazi, ni giza."

"Najua. Shika nati, usiache. Mimi niko hapa, siendi mahali."

Nati iliteleza, ikanichubua vidole. Yeye alikaza kwa nje huku akinisimulia kuhusu samaki wa Longech, kule ziwani, jinsi wanavyoanikwa, jinsi mbwa wanavyowaiba, hadi nati ikagoma kuzunguka. Wakanivuta nje nikiwa nimelowa jasho.

Lori likaja, maji yakanguruma. Tulipiga magoti sote. Tone moja likachungulia chini ya raba. Shangazi akakaza kidogo tu, akalifuta kwa kidole, tukangoja. Halikurudi. Nesi akafungua mfereji, akaninawisha vidole vyangu vilivyochubuka.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza kabla ya lile alikuwa amefunga matangi mangapi.

"Hakuna," akasema. "Niliona mtu akifunga moja Lodwar."

Miaka yote nilidhani hadithi ya samaki ilikuwa ya kunituliza mimi. Kumbe alikuwa akijituliza mwenyewe. Sote wawili tulikuwa tumeshikilia chuma kile kile, kila mmoja upande wake, kwa hofu moja.