Fundi Aliyeuliza Mleta Chai Anasikilizia Wapi

Nilikuwa sokoni Daraja Mbili wiki iliyopita nikichagua ndizi za kupika, muuzaji aliponiambia kwamba fundi wetu wa redio amefariki na tayari amezikwa kwao Nyamarambe. Niliuweka mkungu chini. Ninyi wasomaji mnanijua kwa ubishi, lakini wapo watu wachache walioninyamazisha, na marehemu alikuwa mmoja wao.

Miaka ya sitini ikielekea ukingoni, nilinunua gramafoni ya stereo, ya kutumia betri ya gari, nikaipeleka nyumbani kwa baba huko Nyamira. Majirani walikuja kuona spika mbili zikiimba wimbo mmoja. Sababu yangu sikumwambia mtu. Mke wangu, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa, alikuwa amempoteza mtoto wetu wa kwanza, na tangu siku hiyo hakuimba tena. Nilitaka muziki umrudie. Basi mimi hodari nikazipanga spika bega kwa bega juu ya kabati, juu ya vitambaa, zikimwelekea baba kitini pake. Kabati likatetemeka, maneno yakavurugika. Nikamwita fundi.

Alikuja Jumapili, maana Jumamosi kwetu ni Sabato. Hakugusa spika. Alikalia kila kiti kwa zamu, akipiga makofi na kusikiliza kuta zinavyojibu, hata baba akaanza kukunja uso. Mke wangu akaleta chai, akaiweka mezani, akarudi jikoni. Kwetu mkaza mwana haketi kustarehe sebuleni na baba mkwe. Ndiyo chinsoni, ile haya na heshima ya wakwe. Mimi mtu mzima nilikuwa nimenunua muziki wote ule nikalisahau hilo. Fundi akauliza kwa upole, "Na huyu aliyeleta chai, anasikilizia wapi?"

Baba alikitazama kikombe chake, kisha akasema, "Mlango wa jikoni uko wazi. Pimia hapo."

Fundi akazishusha spika kabatini, akazitenganisha, akavuta uzi kutoka kila moja hadi kizingitini, mpaka urefu ukalingana. Akaziweka juu ya vibao vya mawe ya Tabaka, yale ya kuchongea vinyago, ili zisitetemeke, akawa anazigeuza kidogo kidogo. Kiti cha baba kikabaki pembeni, na baba hakulalamika. Santuri ya kwaya ilipoanza, ungeapa waimbaji wamesimama pale pale mlangoni. Ubeti wa pili tukasikia kutoka jikoni sauti ambayo haikuwa kwenye santuri.

Siku hizi vijana wananunua spika kubwa zaidi, nasi wakubwa wao tunajenga ofisi na mabaraza, na vyote tunavielekeza kwa mwenye kiti. Fundi yule hakuikemea desturi yetu wala hakumwaibisha mzee. Aliuliza swali moja, akamwachia mwenye nyumba heshima ya kulijibu. Nilipompa mke wangu habari ya msiba alisema siku ile alipoimba alidhani hakuna anayemsikia. Anayetaka kupanga chumba, na aanze kwa kumtafuta asiye na kiti.