Tundu Nililoambiwa Nisizibe

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane. Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta, nakaa Migori, na kazi yangu haina nafasi ya mizimu. Kitu kikiharibika kina sababu, na mara nyingi sababu ni waya, umeme au uvivu wa mtu. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, bila hata tone la chang'aa kinywani. Mpaka leo nikiyakumbuka hamu ya kujua hunizidi kuliko woga.

Nilipigiwa simu na matroni wa zahanati moja ya binafsi pale Kosele. Alisema kuna mtu anaingia kwenye mtandao wao na kuchezea rekodi za wagonjwa. Nikamuuliza amechezea nini hasa. Akasema ni jina la mtoto mmoja tu. Wakiandika Emmanuel, wakirudi wanakuta Ogola. Wanafuta, linarudi.

Jina tu? Mwizi gani anavunja mlango ili aandike jina la kichanga? Nikabeba mkoba wangu, nikaenda.

Huyo Emmanuel alikuwa mtoto wa kwanza wa msichana anayeitwa Atieno. Tangu azaliwe alilia, akakataa kunyonya, na kila walipompima hawakuona ugonjwa. Nilipofika, sauti ilikuwa imemwishia. Anafungua mdomo, kilio hakitoki. Kesho yake walikuwa wampeleke hospitali ya Homa Bay, ila matroni aliniambia wazi kwamba hana hakika kama ataiona hiyo kesho.

Na Ogola ni nani? Ni babu wa mtoto, marehemu, baba yake mume wa Atieno. Kama umekulia huku kwetu unajua mambo haya. Marehemu akitaka jina lake lirudi, mtoto hulia. Wazee humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na akilisikia lile lenyewe hunyamaza. Dani, yaani nyanya yake mtoto, aliomba afanye hivyo tangu mwanzo. Atieno akakataa katakata. Ameokoka, na kanisani kwao walimfundisha kwamba kumpa mtoto jina la marehemu ni kukaribisha mapepo. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa anampigania mtoto wake kwa njia aliyoijua.

Matroni alishuku kwamba watu wa ukoo wamemtafuta kijana wa kompyuta ili wamlazimishe Atieno. Na daktari naye alikuwa amekasirika. Kama mtu anaweza kubadilisha jina, si anaweza kubadilisha na kipimo cha dawa? Nikaombwa nizibe tundu kabla ya giza.

Tundu lenyewe halikunisumbua. Kila mtandao wa maana una fayawoli, na kazi yake ni kama ya askari wa getini, kuamua nani aingie na nani abaki nje. Ya pale ilikuwa kisanduku cheusi, kimejaa vumbi juu ya kabati la stoo. Ilikuwa na kasoro inayojulikana na mafundi: ukiipigia hodi kwa namna fulani iliyopinda, inakufungulia bila kukuuliza nywila. Walioitengeneza walishatoa marekebisho zamani, lakini fundi wa kwanza alienda Uarabuni kutafuta maisha, na baada yake hakuna aliyekumbuka kuyaweka.

Kilichonishangaza ni mahali mgeni alikotokea. Nilifuata nyayo zake kwenye mashine, zikanifikisha kwenye kamera ya getini, iliyounganishwa upande wa nje wa fayawoli. Nikatoka kwenda kuiona, manyunyu yakinyesha. Haki ya Mungu, hapakuwa na kamera. Palikuwa na kibanda cha askari kilichofungwa, na waya uliokatwa unaning'inia, ncha imeota kutu. Nikaushika, nikaugeuzageuza kama mjinga. Waya uliokatwa unapitishaje kitu?

"Nyathina," mtu akaniita kwa Kijaluo. Mwanangu.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha kibanda. Amevaa koti zito la askari, gambuti, na kofia ya sufu iliyoshonewa kiraka chekundu. Mimi nilikuwa nimelowa chapachapa, lakini koti lake lilikuwa kavu. Hilo niliona, yawa, na bado sikukimbia. Nilimsalimu kwa adabu, nikamuuliza kama anamjua aliyekata ule waya.

"Usizibe bado," akasema. "Hawajaniita. Wakiniita nitapita, halafu wewe ufunge vizuri."

Nikamuuliza, wakuite akina nani, baba? Akanyoosha kidole kwenye dirisha la wodi ya kina mama. Niliangalia huko, na nilipogeuka, kizingiti kilikuwa kitupu. Manyunyu yalikuwa yamelowesha kila kitu isipokuwa pale alipokuwa amekaa.

Niliondoka pale mbio. Nikamfuata matroni, nikamweleza lile koti na ile kofia. Akakaa kwenye benchi bila kutafuta mahali pakavu. Akaniambia mzee Ogola ndiye aliyekuwa askari wao wa geti mpaka siku alipokufa, na kile kiraka alikishona yeye matroni kwa mkono wake.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kazi niliyoitiwa ilikuwa stoo. Mimi nilienda wodini. Nilimweleza Atieno nilichoona, bila kupunguza wala kuongeza. Dani alikuwa amekaa kando yake. Atieno alinitazama kwa uchungu.

"Unataka nimwite mtu aliyekufa aje kwa mtoto wangu?"

Nikamjibu kwamba sitaki chochote, uamuzi ni wake. Alilia sana. Kisha akamnyanyua mtoto, akaomba Yesu amsamehe kama anakosea, akamsemea sikioni: "Ogola. Emmanuel Ogola."

Mtoto akageuza kichwa. Akatafuta titi, akalipata, akanyonya. Dani alijiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtetemeka, nami nikalia kama niliyefiwa.

Kisha nikakumbuka, nikakimbia stoo. Niliweka marekebisho, nikabadilisha nywila zote, nikaung'oa ule waya ukutani. Jina halikubadilika tena. Daktari anasema ni maji ya dripu yaliyomsaidia mtoto. Mimi sibishani naye.

Ila tangu siku ile, kabla sijaziba tundu lolote, huuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu bado. Wateja hudhani naongea na mashine. Na wewe mwenye duka, shule au ofisi, usijidanganye kwamba kisanduku kikiwaka taa kinalinda. Ogola alipita akiomba jina tu. Atakayepita nyuma yake atataka nini?

Juzi nilikuwa Kosele sokoni nikakutana na Dani, amemshika mkono mtoto wa kiume aliyevaa vigambuti. Tangu siku ile ya wodini, akiwa kichanga, hajawahi kuniona tena. Alisimama, akanikagua kuanzia miguuni hadi usoni, akauliza:

"Ulifunga vizuri?"

Nikamjibu, "Nilifunga, baba." Akaitikia kwa kichwa, akamvuta Dani wakaenda zao. Mimi nilipanda bodaboda nikarudi zahanati kuhakikisha. Nawe kahakikishe ya kwako, kabla hujaulizwa.