Tarumbeta Amenyamaza Mpungani

"Yule Tarumbeta amelogwa," jirani alisema huku akikamua nguo. "Kwani hujasikia kimya chake? Wamemfunga kinywa, na kwelea ndio hao wanajilia mpunga. Na wewe mwanao naye! Alfajiri yote yowe, kama anachunwa ngozi."

Mama kijana alimfunga mtoto kwa mbeleko mgongoni, akambembeleza mpaka akalala, akashika njia ya shambani.

Tarumbeta alikuwa shangazi wa mumewe. Kila mpunga ulipotunga maziwa alipanda dungu lake, kile kichanja cha kulindia shamba, akapiga yowe la kuwatoa watu usingizini hadi ng'ambo ya mto. Kwelea, wale ndege wadogo wa midomo myekundu, aliwajua kuliko alivyowajua mawifi zake. "Mbegu za nyasi porini zikiisha ndipo wanatukumbuka," alizoea kusema. "Asubuhi wanakula, jua likiwaka wanajificha kwenye miiba kupiga soga, jioni haooo! Mvua zikianza huwaoni, hata kuaga hawaagi."

Leo alikuwa juu ya dungu, shuka shingoni, akigonga debe. Ndege waliruka kidogo tu, wakatua tena kwenye masuke.

"Shikamoo, shangazi. Watu wanasema umelogwa."

"Marahaba." Sauti ilitoka kama upepo mlangoni. "Nimelogwa na mafua, mwanangu. Debe wamelizoea, wanalifanya ngoma. Punje zikishakaza nitavuna, lakini siku hizi chache wakizinyonya, nyumba yangu itakula nini mwaka mzima?"

Mtoto mgongoni akaamka, akakunja uso, akaachia yowe.

Wingu zima la ndege likainuka, likageuka angani mara moja, likaenda zake kule kwenye miiba.

"Nyamaza baba, nyamaza, tunamsumbua bibi," mama alisema kwa aibu, akihangaika na fundo la mbeleko ampe ziwa. Alipoinua macho, Tarumbeta alikuwa ameshashuka ngazi, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Mnyonyeshe, mjukuu wangu asiteseke," alinong'ona, akimpapasa mtoto kisogo. "Kumbe yowe langu kalichukua huyu, nao wanamtafuta mchawi! Sikiliza, mwanangu. Kesho alfajiri akianza tu, usimzibe kinywa kwa ajili ya jirani. Mlete hapa chini ya dungu, alie kwa raha zake. Niazime huyu mpaka nivune."