Nyota za Jikoni kwa Dani

Mnaonijua mtaani Kondele kama fundi wa video za harusi, nichekeni tu.

Dani, nyanya yangu wa kijijini Kisian, macho yake siku hizi yanaishia mlangoni. Juzi aliniambia ametamani sana kuona nyota. Basi nikajifungia jikoni kwake, nikamimina maziwa kwenye sinia, nikadondosha mafuta ya kupikia, rangi ya keki na tone la sabuni ya vyombo. Rangi zikakimbizana kama mbingu inayoumbwa. Nikarekodi kwa simu.

"Hizi ni nyota, zimepigwa picha na watu wa anga," nikamdanganya, nikimshikia simu karibu na uso. Akatokwa na machozi.

Jumapili akaita akina mama wa maombi. Nikaunganisha simu na televisheni, nikawaonyesha sayari kwa kidole, kifua mbele. Kumbe sauti ya video sikuitoa, na hiyo ndiyo kazi yangu! Katikati ya mbingu ikasikika sauti ya Dani, siku ile akiwa nje ya mlango wa jikoni: "Maziwa ya chai iko wapi?"

Kisha yangu: "Paka amemwaga, Dani."

Dani akanishika mkono.

"Kumbe hata mimi nilikuwa huko juu," akasema, "natafuta maziwa."